Kitambaa Chekundu cha Gari Namba Tisa

Vijana wangu wa kambi hii ya Dzaleka, nimeamua kuyaandika haya kwa sababu ya kinyozi mmoja wa hapa karibu na soko. Juma lililopita nilikwenda kwake kunyolewa. Nikaona nyuma ya kioo chake betri mbili kubwa, na waya kutoka kwenye betri unaokwenda kwenye mashine za kunyolea, na mahali ambapo fyuzi ilipaswa kukaa pamefungwa kipande cha waya mtupu. Nilisimama nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu, nikamwambia sirudi kwenye kiti kile mpaka aufungue. Akacheka, akasema, "Muzee, hii njo débrouille. Inatembea tangu Pasaka." Waliokuwa wakingoja zamu yao nao wakacheka, wakiusifu huo ujanja wake wa kujikwamua. Nilirudi nyumbani na nusu ya nywele, mke wangu akamalizia kwa mkasi.

Mnasema mimi ni mzee mwoga. Ni kweli. Nimeogopa miaka yote niliyotengeneza magari ya umeme ya gofu kule Lilongwe, na hata leo nikisikia betri inachemka mahali, natafuta mlango. Lakini palikuwa na wakati nilikuwa naogopa vitu visivyostahili, na kwa ajili hiyo nusura niue mtu. Huyo mtu ndiye aliyenifundisha kazi.

Niwaeleze gari lenyewe kwanza, maana wengi wenu hamjawahi kuliona. Ni kigari kidogo kisicho na milango, cha watu wawili au wanne, kinachowabeba wachezaji na mifuko yao ya vyuma kutoka shimo moja hadi jingine. Hakina injini ya mafuta. Chini ya kiti kuna betri sita za volti nane, zimefungwa mkia kwa kichwa, jumla arobaini na nane. Unawasha kwa ufunguo, halafu hakuna kinachotokea. Gari linabaki kimya kabisa mpaka mguu ukanyage pedali. Hapo ndani ya boksi la pedali kiswichi kidogo kinabonyea, unasikia "tak" chini ya kiti, ndiyo solenoidi, swichi kubwa ya sumaku, imefunga, umeme unaingia kwenye kontrola, na kontrola inaupima kidogokidogo kuupeleka kwenye mota. Ukiinua mguu, "tak" ya pili, umeme umekatika. Shikeni hizo "tak" mbili, maana habari yote niliyo nayo imekaa hapo.

Mimi nilitoka Uvira, Kongo, nikiwa fundi umeme wa magari. Dinamo, stata, taa, vyote nilivijua. Na nilijua sana kile tunachoita kupiga ponti: swichi imekufa, spea haipo, basi unaunganisha waya mbili moja kwa moja, unairuka swichi, gari linaondoka. Kwetu fundi asiyejua kupiga ponti ni fundi gani? Wateja walikuwa wakinipigia makofi. Nilivuka mipaka na ujuzi huo kichwani, nikafika nao kambini, na kwa barua ya ruhusa ya kutoka kambini nikaupeleka hadi kwenye uwanja mmoja wa gofu nje kidogo ya Lilongwe. Siku za kazi nilikuwa nalala chumba cha kupanga mtaa wa Mtandire, na mwisho wa juma narudi hapa Dzaleka kwa mke wangu, Mama Amani, na watoto.

Mkuu wa karakana alikuwa Bambo Phiri, bambo kwao ni baba, Mmalawi mnene mwenye sauti ndogo. Kiswahili alijifunza barabarani, alipokuwa akiendesha lori la tumbaku kutoka Kanengo hadi Dar es Salaam. Siku ya kwanza hakuniuliza ninajua nini. Alinitazama mkono, akaomba pete yangu ya ndoa. Nilidhani ni hongo. Akanionyesha kidole chake mwenyewe. Palikuwa na kovu limezunguka kidole kizima, pana na linang'aa, pale pete yake ilipogusa vichwa viwili vya betri kwa wakati mmoja. Akasema watu hujidanganya kwamba volti arobaini na nane hazirushi mtu. Kweli hazirushi, zinachoma. Pete yake ilikuwa nyekundu kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Tangu siku ile pete yangu ilikaa kwenye kopo la chai mpaka saa ya kutoka.

Yapo mengi aliyonifundisha, nami nawapa bure. Funga mpini wa spana kwa utepe mpaka ubaki mdomo tu, ili ukikuponyoka usiunganishe betri mbili. Betri ikitoka kuchajiwa, inua kiti, ondoka, kanywe maji, ndipo urudi, kwa sababu hewa inayotoka humo inalipuka kwa cheche moja, na usiweke uso wako juu yake unapofunga waya. Fungua hasi kwanza, ifunge mwisho. Usiamini betri iliyopumzika: itakuonyesha namba nzuri kwenye mita, halafu ikitwishwa mzigo inaanguka, kwa hiyo pima mtu akiwa anakanyaga pedali. Na kabla ya kugeuza ufunguo wowote, inua magurudumu ya nyuma yaelee. Gari lililoinuliwa haliendi kumgonga mtu.

Na kulikuwa na kitambaa. Bambo Phiri alikuwa na shuka jekundu la zamani alilolichana vipande vipande. Kila gari lililoguswa waya wake na halijakamilika lilifungwa kipande kwenye usukani. Kitambaa kikiwa juu, hakuna anayegusa ufunguo, hata meneja, hata mwenye uwanja mwenyewe. Kikiwa hakipo, gari ni zima. Hakukuwa na karatasi wala daftari. Mafundi, waosha magari, wabeba mifuko, wote walikuwa wakitazama usukani kabla ya kutazama kitu kingine. Niliona kama mchezo wa watoto, nikawa nacheka moyoni.

Sasa gari namba tisa. Lilikuwa na ugonjwa mbaya kuliko yote, ugonjwa wa kuja na kuondoka. Linakwenda vizuri asubuhi nzima, halafu katikati ya majani linakata, mchezaji anashuka anasukuma, dakika tano baadaye linawaka kama halijafanya kitu. Nilipima betri, nzima. Nilisugua kutu ya kijani kwenye waya kwa maji na magadi ya kuokea. Mwishowe niliinua magurudumu, nikakanyaga pedali mara mia moja huku nikisikiliza. Mara ya themanini na kitu, "tak" haikuja. Ni kile kiswichi cha pedali, kimelika ndani.

Spea ilikuwa ya kuagizwa nje ya nchi. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi palikuwa na mashindano ya wakubwa, wengine wakitoka maofisi ya serikali ya Capital Hill. Meneja alikuja mlangoni akasema kwa upole magari yote kumi na mawili yawe tayari, halafu akaniuliza, bado kwa upole, kama barua yangu ya ruhusa inaisha mwezi ule. Alijua inaisha. Bila barua ya kazi kutoka kwake, nisingepata nyingine ya kutoka kambini. Bambo Phiri hakuwepo siku hiyo, alikuwa kwenye msiba kwao.

Nikapiga ponti. Waya wa bluu, urefu wa kidole, kutoka upande mmoja wa kiswichi hadi mwingine. Nikalijaribu, likaenda vizuri ajabu, kwa sababu kontrola ilikuwa bado inausikiliza mguu kwa njia yake nyingine. Tofauti ni moja tu: zile "tak" mbili hazikuwepo tena kwenye pedali. Solenoidi ilifunga ukigeuza ufunguo na ilifunguka ukiuzima. Mlango mmoja kati ya miwili nilikuwa nimeuacha wazi, umebaki wa kontrola peke yake. Nililijua hilo. Sikufunga kitambaa, kwa sababu gari lenye kitambaa halitoki, na meneja angeuliza.

Nilijiambia Jumatatu nitamweleza mzee. Jumatatu ikaja, mzee akarudi amechoka na msiba, nikasema kesho. Ndivyo zilivyopita wiki tatu. Kila asubuhi nilikuwa nikifika mapema kuhakikisha namba tisa naliwasha mimi. Nilikuwa nikiota sauti ya mota. Mngeniuliza ninaogopa nini, ningewajibu naogopa mzee ajue, meneja ajue, barua isisainiwe, polisi wanishushe kwenye minibasi. Hayo ndiyo niliyokuwa nahesabu usiku. Waya wenyewe niliuogopa kidogo tu.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka. Nilikuwa kwenye bomba naosha mikono. Bambo Phiri alipita kando ya namba tisa, gari limesimama chini, halikuinuliwa, kwa kuwa halikuwa la kutengenezwa. Alitaka kujaribu honi tu. Hakupanda. Alisimama kando, akaingiza mkono, akageuza ufunguo.

Kontrola ilikuwa imekufa usiku au asubuhi ile, na kontrola ikifa kwa ubaya hufa ikiwa wazi, inapitisha umeme wote. Gari liliruka. Nilisikia mota ikilia, halafu nikasikia mlio ambao siwezi kuuandika. Lilikuwa limemkokota na kumbana mguu kwenye nguzo ya zege, na magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanazunguka, yanazidi kumsukumia pale. Nilikimbia nikazima ufunguo. "Tak." Ikawa kimya. Nilipoisikia hiyo "tak" nilijua kila kitu, kabla hata sijamtazama usoni.

Walimpakia kwenye pikapu ya bustani wakampeleka hospitali. Mimi nikabaki kulichunguza gari, maana nilikuwa ndiye fundi aliyebaki. Nilifungua boksi la pedali. Bisibisi iliniponyoka mara mbili. Niliutoa waya wa bluu nikautia mfukoni. Meneja alipokuja akakuta mfuko wa vifaa vya mzee umeanguka karibu na pedali, akatikisa kichwa, akasema mzee ameweka mfuko juu ya pedali, umri umefika, itabidi apumzishwe. Aliniuliza kama nimeona kitu kingine. Nikasema hapana.

Jioni nilikwenda hospitali. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, wameuninginiza. Walikuwa wameshamwambia habari ya mfuko. Nilitegemea atakasirika, lakini alikuwa na woga machoni, woga wa mtu asiyeamini tena mikono yake. Akaniambia polepole, akiniita ndugu kwa lugha yao, "Achimwene, labda kweli nimezeeka. Lakini nilitazama usukani kwanza. Kitambaa hakikuwepo." Akarudia tena, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba alitazama usukani kwanza. Nilimwekea machungwa juu ya kimeza nikatoka.

Jumamosi nikapanda minibasi kuja huku. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alisoma barua yangu mara mbili, na mimi mkono ulikuwa mfukoni umeshika ule waya, jasho linanitoka mpaka jirani yangu akaniuliza kama nina malaria. Askari akanirudishia barua, akapita. Hakuwa na habari yoyote na kipande cha waya. Nimebeba aibu nyingi maishani, lakini ile ya kuona nimeponea kwa askari na bado siwezi kupumua, hiyo imenikaa.

Mama Amani ndiye aliyeukuta, alipotaka kufua suruali. Alikuja nao kiganjani, akaniuliza, "Baba Amani, hii njo nini?" Nikamwambia yote tangu Ijumaa ile. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaugeuza waya kiganjani.

"Uliogopa meneja," akasema. "Uliogopa bapolisi. Na ule muzee, njo nani alimuogopea?"

Nikamwambia nikisema nitafukuzwa, barua itakwisha, hatutatoka tena kambini, na chakula cha mgao anakijua kilivyo. Akasema anakijua, ndiye anayekipika. "Mi pia niko naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini utaenda." Akaufunga waya kwenye ncha ya kitenge chake, na Jumatatu alfajiri akaufungua akanipa.

Nilimwekea meneja waya mezani. Nilieleza kiswichi, ponti, kitambaa. Hakupiga kelele hata kidogo. Alivuta karatasi akaandika barua ya kunisimamisha kazi, fupi, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nilimwomba kitu kimoja tu, aandike pia kwamba mzee hakuwa na kosa. Akaandika. Nilikwenda na nakala hiyo hospitali nikaisoma mbele ya Bambo Phiri kwa sababu miwani yake ilivunjika siku ile. Nilipomaliza aligeuza uso ukutani. Akasema, "Pitani, achimwene," yaani niende zangu, na kwa Kichewa chao hilo lilisemwa kwa heshima, jambo lililoniumiza zaidi.

Miezi minne nilikaa hapa kambini nikitengeneza redio na chaja za simu. Kila aliyebisha mlango nilidhani ni polisi wamekuja kwa ajili ya mguu wa mzee. Nilikonda, hadi wale wa kanisani wakaanza kuniombea kwa jina.

Halafu mchana mmoja nikasikia kelele za watoto njiani. Kabaza ilikuwa inakuja, dereva anakanyaga baiskeli kwa shida, na nyuma amekaa mtu mnene na magongo mawili yamelala mapajani. Bambo Phiri alikuwa ameuliza tangu barabara kuu nyumba ya fundi wa magari ya gofu, na watu walikuwa wamecheka mpaka basi, kwani Dzaleka na gofu wapi na wapi. Alikuwa hajawahi kukanyaga humu. Mama Amani alimwekea fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake. Akala, akasema hii ni nsima ya kwao iliyopotea njia, akaomba nyongeza.

Aliponawa mikono nikajua sasa ndipo. Nilikuwa tayari kwa chochote, hata anipige gongo. Akasema meneja amempa fundi mpya, kijana wa mjini mwenye cheti, lakini kijana huyo wiki ya kwanza alikuwa anacheka kitambaa. "Kama wewe ulivyokuwa unacheka," akaniambia. "Ulidhani sikuoni?" Amemwambia meneja kwamba harudi karakana kama mimi sirudi, chini ya jicho lake. Nikamuuliza kwa nini mimi, baada ya yale. Akajibu kwamba mtu aliyekwisha kuogopa vizuri ni shida kumpata.

Nilirudi na barua mpya ya meneja, na sikuwa na furaha. Nilikuwa na hofu kuliko siku niliyoondoka. Namba tisa lilikuwa bado limekaa pembeni, usukani umefungwa kitambaa chekundu tangu siku ile, limejaa vumbi, hakuna aliyethubutu kuligusa. Kontrola mpya ilikuwa imefika, na kiswichi kipya kwenye kifuko chake kidogo. Nilifanya kazi siku mbili. Kila waya niliupima mara tatu. Niliinua magurudumu, nikakanyaga pedali mara mia mbili, nikahesabu "tak" mia nne kwa sauti, waosha magari wakidhani nimeugua kichwa. Kisha nikalishusha chini, nikafungua kitambaa kwa mikono yangu.

Bambo Phiri alikuja akichechemea. Alitazama usukani. Halafu akaenda kusimama palepale, kando ya gari, kati yake na nguzo ya zege, mahali pale ambapo doa lilikuwa halijafutika vizuri sakafuni. Nikamsihi akae ndani, au aniachie mimi. Aliingiza mkono akashika ufunguo, kile kidole chenye kovu la pete kikiwa juu yake.

"Mantha alipo?" akaniuliza. Hofu ipo?

Nikatazama mguu wake, si uso. Nikamwambia, "Alipo, bambo."

Ndilo swali aliloniuliza kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata, mpaka alipostaafu, na mimi nikaanza kujiuliza mwenyewe mpaka nilipostaafu. Kesho nitarudi kwa yule kinyozi na fyuzi mfukoni, nitamuuliza yeye. Lakini asubuhi ile ya kwanza sikujua kama nitaulizwa tena. Nilikuwa nimeshika waya wa hasi kwa spana, tayari kuung'oa. Mzee akavuta pumzi, akageuza ufunguo.

Gari halikwenda popote. Lilikaa pale, kimya, linangoja mguu.